Kufunga moduli janja nyuma ya swichi za taa zilizopo: mwongozo kamili

Moduli janja ya taa ni kisanduku kidogo, kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, kinachofichwa nyuma ya swichi ya ukutani au juu ya dari. Ndani yake mna relei inayokata na kuunganisha umeme wa taa kwa amri ya simu, kwa ratiba iliyopangwa, au kwa swichi ileile ya siku zote. Hili la mwisho ndilo linalonifanya niipendelee kuliko balbu janja. Balbu janja hufa kabisa mtu anapozima swichi ukutani, na nyumba yenye watoto haikosi mtu wa kuizima. Lakini kwenye moduli, mgeni akiingia sebuleni hubonyeza swichi aliyoizoea na taa ikawaka, bila kujua kuwa nyuma yake kuna kitu kipya.

Ombi langu la kwanza ni kwamba usinunue chochote kabla ya kufungua swichi zako na kuona nyaya zilizomo. Mimi nilinunua moduli nne kwa mpigo kwa ajili ya nyumba yetu ya Tabata, nikaanza na swichi ya ukumbini, na nilipotoa kifuniko nikakuta nyaya mbili tu, zote nyekundu. Moduli zote nne zilihitaji nyutro, yaani waya unaorudisha umeme baada ya kupita kwenye taa. Zilikaa kabatini miezi mitano kabla sijarudi kufanya kazi ambayo ningeanza nayo.

Kuhusu umeme wenyewe

Tanzania, kazi za kufunga mifumo ya umeme hufanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, na Kenya usimamizi huo uko chini ya mamlaka ya huko, EPRA. Usipokuwa fundi, basi mpe kazi ya nyaya fundi mwenye leseni, nawe ubaki na upande wa mipango, ununuzi na programu. Maelezo ya nyaya yaliyo hapa chini yatakusaidia hata hivyo, kwa sababu si kila fundi amezifunga moduli hizi, na utahitaji kusimama naye ukijua unachotaka.

Zima breka ya taa, au breka kuu ikiwa huna hakika ni ipi, kisha ubandike karatasi juu yake ili mtu asiiwashe kwa kudhani umeme umekatika. Chukua tesita au multimita, uipime kwanza kwenye soketi au chanzo kingine unachojua bado kina umeme, halafu uipime kwenye nyaya za swichi, kisha urudi kuipima tena pale penye umeme, kwa maana tesita iliyokufa nayo huonyesha kuwa waya hauna kitu. Nyumba yenye inveta na betri inahitaji uangalifu zaidi, kwani kuzima umeme wa TANESCO kwenye breka kuu kunaweza kuwa ndiyo ishara ya inveta kuanza kulisha taa. Izime inveta kwanza kwa mkono wako.

Kusoma nyaya nyuma ya swichi

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Katika nyumba zetu nyingi nyaya hupita moja moja ndani ya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa ukutani. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, hushuka hadi kwenye swichi, mara nyingi ukaruka kutoka swichi moja kwenda nyingine, kisha waya mwingine hupanda kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa. Nyutro haina shughuli na swichi ya kawaida, hivyo fundi aliyebana matumizi aliipeleka moja kwa moja kwenye taa. Matokeo yake ni kisanduku cha swichi chenye nyaya nyekundu mbili au tatu na hakuna kingine. Mpangilio wa pili, unaopatikana zaidi kwenye nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, hukusanya viungo vyote juu ya dari kwenye siling rozi, kile kikombe cha darini inapofungwa taa, na kuteremsha nyaya mbili tu hadi kwenye swichi: mmoja unaleta moto, mwingine unaurudisha kwenye taa.

Rangi zisikudanganye. Nyaya za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, na za sasa zina kahawia na buluu, lakini pale fundi alipotumia kebo ya nyaya mbili kushukia kwenye swichi, huo mweusi ni waya wa kurudi kwenye taa, na swichi ikiwashwa una volti 230 kamili. Zaidi ya hapo, roli jekundu likiisha kazini, fundi huvuta lililopo.

Kuna mtego mmoja katika kupima ambao umewapoteza wengi. Mtu anaweka multimita kati ya waya wa moto na waya asioufahamu, swichi ikiwa imezimwa, anaona volti zinazokaribia 230, na anatangaza kuwa amepata nyutro. Hajaipata. Waya wa taa umeunganishwa na nyutro kupitia balbu yenyewe, na multimita ya kidijitali hula umeme mdogo mno kiasi kwamba inaiona nyutro kupitia balbu hiyo. Jaribio la kweli ni kuwasha swichi na kutazama kipimo: waya wa taa utashuka hadi sifuri kwa sababu sasa nao umekuwa moto, ilhali nyutro halisi itabaki kwenye 230. Kwa kuwa jaribio hili hufanywa umeme ukiwa umewashwa, ni la fundi, au la mtu mwenye mazoea ya kupima akiwa mkono mmoja uko mbali na ukuta.

Angalia pia nyuma kabisa ya kisanduku. Mara nyingine nyutro imo, lakini imesukwa na nyaya wenzake, ikafungwa tepu nyeusi na kusukumwa ndani, kwa sababu fundi alikuwa akiipitisha kwenda chumba kingine. Nilipofungua swichi ya jikoni nilikuta fundo la namna hiyo, tepu yake ikiwa imeshakuwa ngumu kama ganda, na ndani mna nyaya nyeusi tatu. Swichi ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupata moduli nyumbani.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni nafasi. Pima kina cha kisanduku kutoka kwenye ukingo wa ukuta hadi chini. Moduli ya Sonoff MINIR4, kwa mfano, ina milimita 39.5 kwa 33 kwa 16.8, nayo huingia vizuri kwenye kisanduku chenye kina cha milimita 47, huingia kwa kubanwa kwenye cha milimita 35, na kwenye cha 25 haifai kulazimishwa, kwani nyuma ya swichi nako huchukua nafasi yake na nyaya zinahitaji kupinda bila kuvunjika. Kama kisanduku ni cha chuma, kumbuka kuwa chuma hupunguza mawimbi ya redio. Si lazima moduli ishindwe kusikika, ila ijaribu kabla ya kufunga skrubu za mwisho.

Kuchagua kulingana na ulichokiona

Ukiwa na nyutro kwenye kisanduku, una uhuru wa kuchagua karibu moduli yoyote. Usipokuwa nayo, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuvuta waya mpya wa nyutro kupitia bomba lililopo, kazi ambayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani endapo mabomba hayakujaa, na ambayo mimi huiona kuwa bora kuliko zote kwa sababu baada yake kisanduku kitapokea kifaa chochote cha baadaye. Ya pili ni kuipandisha moduli juu ya dari, inapowezekana. Ya tatu ni kununua moduli isiyohitaji nyutro, kama Sonoff ZBMINIL2, inayojilisha kwa umeme mdogo unaopita kwenye balbu yenyewe. Hiyo hubeba ampea 6, hutumia Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja, badala ya Wi-Fi, na hivyo inahitaji kituo chake cha kuunganishia. Balbu za LED zenye wati chache huweza kumemeteka au kubaki na mwanga hafifu zikiwa zimezimwa; tiba yake ni kifaa kidogo chenye kapasita kinachofungwa kwenye taa, kati ya waya wa taa na nyutro.

Kati ya Wi-Fi na Zigbee, uamuzi hutegemea idadi. Kwa taa tatu au nne, Wi-Fi inatosha, kwani haihitaji kituo. Kwa nyumba nzima ningekushauri Zigbee, kwa kuwa ruta ndogo za majumbani hulemewa vifaa vikizidi, na kwa kuwa moduli za Zigbee zenye nyutro hupokezana ujumbe, moja ikaipasia nyingine hadi chumba cha mwisho. Zile zisizo na nyutro kwa kawaida hazifanyi upokezanaji huo.

Mtu anayetegemea ruta ya kubebea mkononi afikiri mara mbili kuhusu Wi-Fi. Siku utakayoondoka nayo kwenda kazini, taa zote zitakuwa zimepoteza mawasiliano, na ile raha ya kuwasha taa ya nje ukiwa foleni haitakuwepo.

Angalia pia uwezo wa relei. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, kiasi ambacho taa za chumba hazikifikii, lakini taa za LED huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo sana zinapowashwa, na mshtuko huo hugandisha midomo ya relei. Soma kiwango kilichoandikwa mahususi kwa LED, ambacho huwa kidogo zaidi, na usikikaribie. Feni ya dari yenye kidhibiti cha mwendo usiifunge kwenye moduli ya kupunguzia mwanga kwa hali yoyote.

Kuunganisha pale penye nyutro

Piga picha ya nyaya zilivyo kabla ya kulegeza skrubu hata moja, na uweke alama ya tepu kwenye kila waya. Nitatumia majina ya vituo, yaani matundu ya kufungia nyaya, yanayoonekana kwenye moduli nyingi za aina ya Sonoff: L In, L Out, N, S1 na S2.

Toa nyaya za moto kwenye swichi. Zikiwa mbili kwenye kituo kimoja, jua kwamba mmoja unaleta umeme na mwingine unaupeleka chumba kinachofuata, kwa hiyo ni lazima zibaki pamoja. Ukizitenganisha, utamaliza kazi yako vizuri na chumba cha watoto kitakuwa gizani. Ziunganishe kwa konekta pamoja na kipande kifupi cha waya wa milimita mraba 1.5, na kipande hicho kiingie L In. Fungua fundo la nyutro, ongeza kipande kingine kama hicho, lifunge kwa konekta, na kipande kiende N. Waya wa taa, uliotoka upande wa pili wa swichi, uingie L Out. Mwishoni kata vipande viwili vifupi vitakavyotoka kwenye vituo viwili vya swichi, ambavyo sasa vimebaki vitupu, hadi S1 na S2.

Kuanzia hapo swichi haibebi tena umeme wa taa. Inatoa ishara tu. Kamwe usiunganishe waya wa moto kwenye S1 au S2 za moduli ya aina hii, kwani utaiunguza papo hapo. Hata hivyo usizichukulie kuwa nyaya za kuchezea, maana ndani ya moduli ziko upande uleule wa umeme mkubwa, na waya wake uwe wa daraja la umeme wa nyumba. Moduli za Shelly zina mpango tofauti: kituo chao cha SW hupokea moto unaopitia kwenye swichi. Ndiyo sababu mchoro ulio kwenye boksi la moduli yako ndio wenye neno la mwisho, wala si kumbukumbu ya fundi aliyewahi kufunga nyingine.

Menya waya milimita 7 au 8, usionekane wekundu wa shaba nje ya kituo, kaza skrubu, kisha uvute kila waya kwa nguvu ya wastani. Mtindo wetu wa kusuka nyaya na kuzungushia tepu haufai ndani ya kisanduku kilichojaa, kwa kuwa kiungo kilicholegea hupata joto na hakuna hewa ya kukipoza. Tumia konekta za kubana. Waya wa eathi uache mahali pake.

Nyutro nayo ina sharti lake: iwe ya sakiti ileile inayotoa moto wa taa hiyo. Nyumba ya ghorofa yenye breka mbili za taa inaweza kuwa na nyutro mbili ndani ya kisanduku kimoja, na ukiazima ya jirani, swichi inayokata umeme unapovuja inaweza kuanguka kila taa inapowashwa. Mbaya zaidi, fundi atakayezima breka moja akidhani yuko salama atakutana na nyutro iliyobeba mkondo wa sakiti nyingine.

Swichi yenye vibonyezo viwili inahitaji moduli yenye njia mbili, au moduli mbili iwapo nafasi ipo. Kwa taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu, swichi zote mbili huungana kwa nyaya zao za kawaida na kuwa kama swichi moja inayokwenda S1 na S2. Ndani ya programu uchague kwamba kila badiliko la swichi ligeuze hali ya taa.

Pale panapofaa dari

Kama viungo viko kwenye siling rozi, basi moto wa kudumu, nyutro na waya wa kurudi vyote viko juu. Ondoa zile nyaya mbili zinazoshuka kwenye swichi na uzipeleke S1 na S2, moto wa kudumu uende L In, nyutro iende N na pia ibaki kwenye taa, na L Out iende kwenye taa. Hakikisha kwanza kwamba moto huo haurukii swichi nyingine kule chini. Ikiwa juu ya dari umekuta waya wa taa na nyutro pekee, acha mpango huu, kwa sababu moduli itakuwa inakufa kila swichi inapozimwa, na utakuwa umerudi kwenye kasoro ya balbu janja. Moduli ya juu ya dari iwekwe ndani ya kisanduku cha viungo chenye mfuniko, isilale wazi juu ya jipsamu, tena mbali na bati, kwani joto la chini ya bati saa nane mchana si la kuachia kifaa cha elektroniki.

Kuisajili na kuipangia kazi

Washa breka, ujaribu swichi ya ukutani kabla ya kugusa simu. Ikiwasha na kuzima taa, nyaya ziko sawa. Kisha bonyeza kitufe cha moduli kwa takribani sekunde 5 hadi taa yake ndogo imemeteke, ufungue programu husika (eWeLink kwa Sonoff, Smart Life kwa nyingi za Tuya) na ufuate hatua zake. Ikigoma, kosa la kawaida ni masafa: moduli nyingi za Wi-Fi husikia GHz 2.4 tu, wakati simu yako imeshika GHz 5. Ukibadilisha ruta siku za mbele, ipe mpya jina na nywila zilezile za Wi-Fi ya zamani, na moduli zitarudi zenyewe.

Mpangilio wa kwanza kuugusa ni hali ya taa umeme unaporudi. Baadhi ya moduli huja zikiwa zimepangwa kuwaka, na kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, maana yake ni kwamba saa nane usiku umeme utarudi na nyumba nzima itawaka kama harusi. Chagua ibaki imezimwa, isipokuwa taa za nje, ambazo zirudi kwenye hali zilizokuwa nayo.

Kwenye ratiba, hakikisha saa za eneo ni za Afrika Mashariki, kisha ukumbuke kwamba programu haihesabu saa za Kiswahili. Saa kumi na mbili na nusu jioni huandikwa 18:30. Jirani yangu aliandika 12:30 na taa zake za uani zikawa zinawaka adhuhuri. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ratiba hiyo hiyo ya jioni hufaa karibu mwaka mzima.

Bando likiisha, amri za kutoka mbali hukoma, lakini swichi ya ukutani huendelea kufanya kazi. Anayetaka zaidi ya hapo achague mfumo unaoendeshwa ndani ya nyumba bila intaneti, kama Zigbee iliyounganishwa na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa janja kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kuhusu LUKU, mita yetu ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nisingependa mtu afunge moduli kwa tamaa ya kuokoa uniti kwenye LED. Moduli ya Wi-Fi hula karibu wati 1 mchana na usiku, sawa na uniti 0.72 kwa mwezi. Balbu ya wati 9 inayowaka saa 5 kila siku hula uniti 1.35. Ili ijilipe, moduli hiyo ingelazimika kuzuia saa 80 za kuwaka bure kila mwezi. Moduli kumi ni uniti 7.2, kiasi cha kuhisiwa na mwenye kujibana ili asivuke uniti 75 za kundi la matumizi madogo. Hesabu hugeuka kwenye taa kubwa za nje: taa moja ya wati 50 inayosahauliwa hadi saa tatu asubuhi, yaani saa tatu baada ya kupambazuka, hupoteza uniti 4.5 kwa mwezi. Anza na hiyo.

Mwisho, andika kwenye karatasi ni visanduku vipi vina moduli, uigundishe ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Fundi atakayekuja kupima uimara wa nyaya kwa mega, kipimo cha ganda la nyaya, atapitisha volti 500, na moduli zisipotenganishwa kabla ya kipimo hicho zinaweza kuungua zote kwa pamoja.